Nana Haanguki

Mama Bentil wa safu ya ushauri, nakusalimu katika jina la Bwana na naomba msaada wako upesi, kwa maana sikukuu ya viazi vikuu vipya inakaribia, na kila nikisikia wapiga ngoma wanajaribu ngozi zao kule uwanjani nahesabu siku zilizobaki. Tafadhali gazetini usiandike jina langu wala la mji wetu, andika tu kwamba ni huku kwenye kakao, watakaotujua watujue na wasiotujua Mungu awabariki.

Mimi ni mwanamke wa makamo, mjane, naimba kwaya ya akina mama kanisani na Jumatano naongoza maombi. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea maandishi unisamehe, lakini ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu. Kazi yangu ni kumtumikia mama yangu mkubwa, dada wa tumbo moja na marehemu mama, ambaye ndiye malkia mama wa mji wetu, ndiye mwenye kigoda cha wanawake, ndiye anayemtaja atakayekuwa chifu kiti kikibaki wazi. Ukoo unamjua kwa jina lake, mimi namwita Nana kama watu wote. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, ndiye aliyenioza, ndiye aliyenichukua nilipofiwa na mume wangu na shemeji zangu wakanitazama kama mgeni aliyekaa sana. Asubuhi namfunga nguo, namvisha shanga, natangulia na kigoda chake, na jioni namkanda miguu tukiimba nyimbo za kanisani, yeye anaimba sauti ya juu na anakosea maneno na hataki kusahihishwa.

Mama Bentil, wewe ni mtu wa pwani lakini mambo ya kigoda unayajua. Mwenye kigoda haendi peku. Makalio yake hayagusi udongo. Na haisemwi kwamba ameanguka, hata neno lenyewe halitamkwi ndani ya uzio wa jumba, kwa sababu siku mwenye kigoda anapofariki ndiyo mpiga mbiu hupita akitangaza kwamba mti mkubwa umeanguka, kwa hiyo ukisema Nana ameanguka ni kama umemzika angali anakunywa uji. Na ikitokea kweli ameteleza, wazee hukaa, kondoo huchinjwa, tambiko hufanywa, na huulizwa kuna nini mjini hata kigoda kitikisike.

Sasa Mama, Nana ameanguka. Nimeliandika. Ameanguka mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa kabla ya mvua kubwa, asubuhi, anatoka kuoga, na mlango wetu wa bafuni una kizingiti kirefu cha tangu enzi za babu, kubazi lake likakwama pale, nikasikia mlio kama kijiti kikavu kinavunjwa, kugeuka namwona chini amekalia mkono wake. Nikapiga kelele. Akaniambia, "Funga mlango kwanza, pole utanipa baadaye." Nikafunga. Nikamwinua, mkono umevimba kama papai, na yeye hata chozi hana, anauliza tu kama kuna mtu aliyepita uani.

Nilimfunika nguo kubwa nikampeleka zahanati kwa mlango wa nyuma, na muuguzi, binti mdogo tu aliyehamishiwa huku juzi, akamshika mkono kwa adabu akaniuliza, "Mama, ilikuwaje? Bibi alianguka?" Nana akanitazama. Wewe hujawahi kutazamwa na Nana, kwa hiyo hujui. Nikasema, "Hapana binti yangu, amejigonga mlangoni." Muuguzi akasema, "Mlango huo una hasira," akamfunga bendeji, akatuandikia twende hospitali kubwa tukapigwe picha ya eksirei. Hatukwenda. Nana alisema eksirei ni ya watu walioanguka, yeye amegongwa na mlango. Tukamwita mganga wa mifupa apite jikoni, naye tukamdanganya vilevile, akamkanda kwa mafuta ya shea akamfunga vijiti, mkono ukapona lakini umepinda, ukiutazama kwa ubavu ni kama mgongo wa kijiko, na tangu hapo bangili zake za dhahabu anavaa mkono mmoja na watu wanadhani ni mtindo.

Siku hiyohiyo aliniita chumbani, mimi nikapiga magoti na yeye akakaa kitandani, akanitaka niahidi mbele za Mungu kwamba jambo lile halitatoka kinywani mwangu. Nikaahidi. Nilimpenda na nilimwogopa, sijui kipi kilitangulia.

Mara ya pili si zamani. Alikuwa amekaa tangu asubuhi akisikiliza shauri la wanawake wawili waliogombania mpaka wa shamba, na siku za mashauri Nana hali kitu tangu alfajiri, vidonge vyake vya presha anavimeza hivyohivyo, na maji hanywi, kwa sababu malkia mama haonekani akitafuna mbele za watu wala hainuki kwenda haja kila mara kama mtoto. Shauri likaisha, wanawake wakaaga, yeye akainuka kwa haraka kama desturi yake, akasema, "Mbona ukuta unatembea?" nami nikamrukia nikamdaka kiunoni, zile ngozi za kondoo tunazoweka chini ya miguu yake zikateleza kwenye sakafu ya terazo, tukaenda chini wote wawili, yeye juu yangu. Tukalala pale. Kisha akaninong'oneza:

"Nani ameona?"

"Hakuna mtu, Nana. Ila yule kuku mwekundu."

Akamtazama kuku. "Huyo achinjwe."

Mama Bentil, tulicheka pale sakafuni mpaka machozi, na katikati ya kicheko nikaona machozi yake si ya kicheko tena, anashika mgongo, anasema nisimwinue kwanza, nimwache apumue. Kuku tulimchinja kweli. Lakini mgongo tangu siku ile unamuuma, akikaa unamuuma, akikohoa ndiyo usiseme, na anasema ni baridi.

Na kama hayo hayatoshi, hata nguo zake zimeanza kunitesa, zilezile alizovaa miaka yote sasa zinaburuta chini, nikimfunga asubuhi nakunja na kukunja kiunoni na bado pindo linafagia, nimegombana na dobi bure nikimwambia anazinyoosha akizianika, maskini dobi ameapa kwa watoto wake.

Utaniuliza, si kuna wanawake wa kumshika kiuno anapotembea, kama ilivyo desturi? Walikuwapo. Lakini kwenye mazishi ya mzee mmoja, Nana akiingia uwanjani polepole, wanawake wawili nyuma yake wamemshika kiuno, mkuu wa ukoo wetu, Opanyin Gyamera, aliyekuwa amekaa na wazee wenzake, akapiga makofi kama anayefundisha mtoto kusimama, "Simama dede, Nana! Simama dede!" Watu wakacheka. Nana naye akacheka, akamjibu pale pale, "Gyamera, wewe nilikufundisha kusimama mimi mwenyewe, na mpaka leo ukitoka kwa muuza pombe unapepesuka." Watu wakaangua kicheko zaidi, Opanyin akajifanya anatafuta kofia yake. Lakini tulipofika nyumbani Nana akawaambia wale wanawake, asanteni, rudini mashambani kwenu, hakuna atakayenishika kiuno tena mpaka siku nitakapobebwa. Inasemekana Opanyin ana binti wa dada yake anayemtayarishia kigoda. Sijui, sitaki kumsingizia mtu, ila binti huyo siku hizi anakuja kanisani amejifunga nguo kama malkia.

Nilimletea mkongojo, mzuri, wa mti mweusi. Akautazama akasema, "Umesahau bakuli. Nilete na bakuli nikakae njia panda niombe."

Siku ya sikukuu Nana anatakiwa kutoka jumbani kwa miguu, ateremke ule mteremko wa mawe hadi uwanjani, na ngoma ya adowa ikilia ainuke acheze mbele ya chifu na mji mzima. Ameagiza makubazi mapya ya sherehe, yana mapambo ya dhahabu, soli nene, mazito, na nyuma hayana kamba, yanashikwa na vidole tu. Aliyavaa chumbani kuyajaribu, nikamwona ameshika ukuta. Aliponiona akauachia ukuta akasema alikuwa anapima kama umepakwa rangi vizuri.

Nimefunga, nimeomba, nimelia. Nikinyamaza, ataanguka mbele ya mji mzima na safari hii hakuna kuku wa kuchinja. Nikisema, nitakuwa nimevunja ahadi niliyoitoa mbele za Mungu, nitakuwa nimempa Opanyin Gyamera kisu na shingo ya mama yangu mkubwa pamoja, na wazee watauliza tumewaficha mangapi. Na mimi ninayeongoza maombi ya Jumatano nilimdanganya yule binti wa zahanati nikimtazama machoni. Mama Bentil, nifanye nini? Nisaidie, sina mwingine wa kumwambia, hata mto wangu nimechoka kuuambia.

Ni mimi,
Binti wa Nana, huku kwenye kakao

*

Binti wa Nana,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka kwa ajili ya yule kuku. Mara ya pili nikaiweka chai yangu chini, na ilipoa bila kunywewa.

Pole, mwanangu. Umebeba mzigo wa watu watatu kwa shingo moja. Sasa keti, maana nitakugombeza.

Mwache dobi wa watu. Nguo haikui. Nguo ya Nana ina urefu uleule iliofumwa nao, na kama jana iliishia kwenye kifundo cha mguu na leo inafagia, basi aliyepungua ni Nana. Ulikuwa unamkunjia kila asubuhi kwa mikono yako na hukuona. Nilimuuliza daktari wa mifupa ninayemwamini, sikumtajia mtu wala mji, nikamweleza tu: mkono uliovunjika kwa kujikwaa, maumivu ya mgongo, nguo inayoburuta. Hakuningoja nimalize. Alisema mtu mzima akianguka kutoka kimo chake mwenyewe, si juu ya mnazi, si kwenye pikipiki, amesimama tu, na mfupa ukavunjika, usimlaumu mlango. Mfupa wenyewe umekuwa kama mbao iliyoliwa na mchwa, nje rangi ipo, ndani ni unga. Pingili za mgongo huweza kubonyea moja baada ya nyingine, hata bila kuanguka kukubwa, na mzee akafupika huku watu wakisema ni baridi. Kinachofuata mara nyingi ni nyonga. Na mzee akivunjika nyonga, wengi hawarudi kutembea kama walivyokuwa, na wengine hawatoki tena kitandani. Hicho ndicho kilicho mbele ya Nana, si aibu ya uwanjani. Aibu hupona.

Unaniambia umeahidi mbele za Mungu. Uliahidi nini hasa? Kama uliahidi kutomwaibisha mama yako mkubwa, hiyo ishike mpaka kaburini. Lakini kuficha mfupa uliovunjika si nadhiri, mwanangu, hayo ni mapatano ya watu wawili wenye hofu waliomwita Mungu awe shahidi bila kumuuliza kama ana nafasi. Mwombe msamaha kwa uongo wa zahanati, atakusamehe kabla hujamaliza sentensi. Kisha nenda ukaufute, maana uongo ule bado unafanya kazi. Yule muuguzi alikuuliza swali moja tu lililokuwa na maana. Ungejibu ndiyo, angejua anatafuta nini. Ulipomwambia mlango, alitibu mlango.

Sasa tuje kwenye kondoo, kwa sababu hapo ndipo nilipokasirika kabisa. Nani amewaambia kwamba kondoo ni adhabu? Mimi bibi yangu alikuwa mwanamke wa jumba, na nakwambia nilivyoyaelewa kwake. Wazee walijua mwenye kigoda ni mtu mwenye magoti kama watu wengine. Walijua pia kwamba wanaompenda watamficha na wasiompenda watamcheka. Wakaweka kondoo. Kondoo hawezi kuchinjwa kimyakimya, analia, anaonekana, watu wanauliza. Akishachinjwa, wazee wamejua, wameketi, wamesema pole, wameuliza kilichomwangusha ni nini. Hayo ndiyo mliyomnyima Nana. Ninyi mmechinja kuku ili asiseme, wakati wazee walichinja kondoo ili isemwe.

Na kiuno je? Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba ni desturi malkia mama ashikwe kiuno anapotembea, ukapita kama hujaandika kitu. Unadhani iliwekwa kwa ajili ya urembo? Mila haikusema kwamba mwenye kigoda hawezi kuanguka. Ilisema asiachwe aanguke, ikawapa watu kazi hiyo, ikawapa na heshima yake. Leo kwa sababu ya mzee mmoja kupiga makofi kwenye mazishi, Nana amewafukuza walinzi wake na kubaki na ukuta. Mwambie hivi, na useme ni mimi niliyesema: wewe ni mtu wa mashamba, Nana, umewahi kuona mgomba usio na mkungu ukipewa mwega? Unaoegemezwa ni ule uliozaa, kwa sababu umebeba. Mgomba mtupu hushindana na upepo peke yake na hakuna anayejali ukilala.

Kuhusu Opanyin Gyamera, usimngoje agundue. Siri akiivumbua yeye ni silaha, akiletewa na wenyewe ni kazi. Nana amwite yeye mwenyewe, mbele ya wazee wa kike wa jumba, amwambie kilichotokea. Kwa kuwa ni mkuu wa ukoo, ni wajibu wake kusimamia tambiko, na atasimama hapo ameshika kamba ya kondoo mbele ya watu wote, hana pa kuchekea. Akipiga makofi tena, aulizwe kwa sauti kama anasherehekea kuumia kwa mama wa mji. Nakuhakikishia atatafuta kofia yake tena.

Lakini hayo yote ni baada ya hospitali. Hospitali kwanza. Upigwe mkono picha, upigwe na mgongo, na daktari apime uzito wa mifupa kama kipimo kipo, kama hakipo akuelekeze kilipo. Kuna dawa za kuimarisha mifupa, si hadithi, lakini hutolewa na daktari, haziuzwi sokoni kwenye beseni. Vidonge vya presha vichukue vyote mkononi umwonyeshe, umweleze kwamba Nana huvimeza akiwa na njaa na kiu kisha akainuka ghafla na ukuta ukatembea. Usivikatize mwenyewe, narudia, usivikatize, mwache daktari avipange upya. Macho yapimwe pia. Mganga wa mifupa msimwite tena kuukanda huo mgongo, hata kama ana mkono mwepesi kuliko wote wa wilaya.

Nyumbani una kazi ya siku moja. Zile ngozi za kondoo zitoke kwenye terazo leo, siyo kesho, zitundikwe ukutani kama heshima ni lazima. Fundi apige mteremko mdogo wa saruji kwenye kile kizingiti cha babu, na chuma cha kushikia bafuni. Babu hatakasirika, hata yeye nadhani alijikwaa hapo. Pindo la nguo lipande juu ya kifundo na lishonwe pale, usikunje tena kwa kubahatisha. Makubazi ya sherehe yapelekwe kwa fundi viatu ashone kamba ya nyuma ya ngozi, rangi ileile, na aweke soli nyembamba ya mpira inayoshika chini. Mila imesema asiende peku. Haikusema kiatu lazima kimtoroke.

Siku za mashauri Nana ale kabla ya kutoka. Uji wa maziwa, yai, chochote, ndani chumbani ambako hakuna atakayemwona akitafuna. Shauri likatwe katikati kwa mapumziko, msemaji wake atangaze tu kwamba Nana anakwenda kutafakari, na Nana aende akatafakari chooni kama viumbe wote wa Mungu. Maji anywe. Mchuzi wa majani ya magimbi na dagaa wadogo waliosagwa na mifupa yao usikose mezani. Na kila asubuhi kabla jua halijawa kali akae uani, mikono na miguu nje, huyu mtu anaishi ndani ya kivuli na nguo nzito za kente, jua litampata wapi?

Kisha miguu yake. Miguu isiyotumika husahau. Daktari akikubali, muombe mtaalamu wa mazoezi ya viungo amfundishe: kuinuka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono na kukaa polepole, kusimama akishika meza huku akinyanyua visigino. Mfanye pamoja wakati wa kuimba, wewe pia si kijana, niliona ulivyoandika kwamba ulilaliwa na mtu ukapona. Shukuru.

Na sikukuu? Daktari ndiye atasema. Akisema asitembee, basi atangulie kufika na aketi, uwanja utamkuta pale. Akiruhusu, atateremka ule mteremko na wanawake wanne siyo wawili, nyuma na ubavuni, wamejifunga nguo za rangi moja, iwe fahari ya macho. Adowa ikilia, hana haja ya kuzunguka uwanja. Wewe unajua, na yeye anajua kuliko sisi wote, kwamba adowa ni mikono. Bibi yangu aliicheza ameketi, ule mwaka wake wa mwisho, na wapiga ngoma walipunguza sauti wenyewe ili waone vidole vyake vinasema nini. Mkono wa Nana umepinda, ndiyo. Auonyeshe. Mji ukishajua ulivyopinda, hautakuwa na haja ya kutunga.

Utaniambia atakataa. Atakataa, ndiyo. Atakutazama vile anavyotazama. Wewe usipige magoti safari hii, kaa kitandani kando yake, mshike ule mkono uliopinda, umwambie, "Mama, ulinipokea nilipokuwa sina kwangu. Nimekutii katika yote. Katika hili sikutii, kwa sababu nikikutii nitakuzika." Mwite mama, siyo Nana. Halafu unyamaze, usijaze kimya kwa maneno, mwache akasirike mpaka hasira imwishe.

Asubuhi inayofuata mpe uji, mfunge nguo juu ya kifundo, mwende kwa mlango wa mbele. Mwende kwa yuleyule binti wa zahanati, yeye ndiye atakayeandika barua ya kwenda hospitali kubwa, na anakudai ukweli. Atamshika Nana mkono kwa adabu atakuuliza tena ilikuwaje. Nana atakutazama.

Mjibu: "Alianguka."